Kurekodi kazi ya mchonga vinyago jijini Nairobi: hatua kwa hatua, kutoka gogo hadi kumbukumbu

Kinyago kilichokwisha kung'arishwa kinaonyesha umbo tu. Hakisemi gogo lilikatwa upande gani, tezo (shoka dogo la kuchongea) ipi ilitangulia, nani alisugua msasa, wala kwa nini kingine cha gogo lilelile kilipasuka kikatupwa. Mambo hayo yako mikononi mwa mafundi, na mzee anapoacha kazi katika soko la Gikomba na kurudi kwao Ukambani, anaondoka nayo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu nzuri au kamera ya kawaida, daftari na subira, anayetaka kuweka kumbukumbu ya fundi wa mbao ambayo fundi mwingine anaweza kuifuata akachonga. Hicho ndicho kipimo chetu. Mifano mingi ni ya wachongaji wa Kikamba, lakini utaratibu hubadilika kidogo tu ukienda kwa mtengeneza vigoda, vinu au ngoma, au kwa msusi wa vyondo wa Kariokor.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja na ujue mikono yote

Anayeanza hutaka kurekodi "uchongaji wa Wakamba" kwa wiki moja. Anaishia na mamia ya picha za watu walioshika tezo, na hana hata kazi moja iliyo kamili. Chagua kitu kimoja, kwa mfano kijiko cha saladi chenye kichwa cha twiga, ukifuate kutoka gogo hadi kinapofungwa kwenye gazeti. Kitu kidogo cha aina hiyo kitakupa hatua zote bila kukuchosha. Twiga mrefu ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu hulazwa kikauke kati ya hatua na hatua na utalazimika kurudi mara nyingi.

Kabla ya kupiga picha yoyote, uliza: "Kazi hii inapita kwa mikono ya nani na nani?" Katika karakana kubwa mara nyingi kuna anayepasua magogo, anayetoa umbo la kwanza, anayemalizia uso na miguu, anayesugua msasa (mara nyingi kina mama), anayepaka rangi na kung'arisha, na anayefunga mzigo. Chora mistari kwenye daftari kuonyesha kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani, na kama kila mmoja analipwa kwa siku au kwa idadi ya vitu. Kumbukumbu ikimtaja mchongaji peke yake, saa nyingi za msasa zinapotea, na ndizo zinazofanya mnunuzi anyooshe mkono akishike kitu. Waandike wote.

Hatua ya 2: Ridhaa na malipo

Safari ya kwanza nenda bila kamera. Anza kwa mwenyekiti wa chama au ushirika wa karakana, kisha umfikie fundi mwenyewe na umweleze kwa lugha anayoitumia kazini, iwe Kikamba, Kiswahili au mchanganyiko. Ruhusa ya mwenyekiti inakufungulia lango tu. Fundi lazima atoe yake.

Sheria mbili za Kenya zinakuhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu jina, sura, sauti na namba ya simu ya mtu, na inampa haki ya kubadili nia baadaye. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inahusu maarifa yanayomilikiwa na jamii nzima, kwa hiyo kwa vitu vya mila, kama vile vya uganga au vya jando, ridhaa ya fundi mmoja haitoshi. Kama kazi yako ni utafiti wa chuo, pata kwanza leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoidhinisha utafiti. Fundi mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hapigwi picha bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

Fomu iwe ukurasa mmoja. Usiweke swali moja la "unakubali?" Tenganisha mambo haya na kila moja lijibiwe ndiyo au hapana: kupigwa picha, kurekodiwa sauti, kutajwa jina, kuwekwa kwenye intaneti, kuonyeshwa kwa mitindo ambayo bado haijafika sokoni, na kutumiwa na mtu wa biashara. Wapo wanaokubali mikono yao ionekane lakini si uso, na wapo wanaotaka jina lao liandikwe kwa herufi kubwa. Yote mawili ni haki yao. Isome fomu kwa sauti na urekodi majibu, kwa sababu asiyesoma akiweka sahihi bila kusikia hajatoa ridhaa.

Swali la mitindo mipya lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtindo ukionekana mtandaoni leo, vibanda vya jirani vinaweza kuwa nao kabla fundi hajamaliza oda yake ya kwanza. Mwafikiane muda wa kuzificha picha hizo, tuseme miezi 12, na uandike tarehe ya mwisho kwenye fomu na kwenye jina la folda.

Lipa. Fundi anayekueleza huku akichonga anafanya kazi kwa nusu ya kasi yake. Muulize siku nzuri humwingizia kiasi gani, na umlipe siku hiyo nzima hata kama umekaa naye saa tatu. Malipo yawe ya muda, yasiwe ya "hadithi", la sivyo hadithi zitarefuka. Kitu unachokirekodi kinunue kando, kwa bei ya soko.

Jambo la mwisho hapa ni asili ya gogo. Mti mwingine hufika karakanani bila kibali cha kuusafirisha. Usimrekodi fundi akitaja aliyemletea, mahali wala tarehe, isipokuwa mmekubaliana na ana karatasi. Akianza kulieleza hilo, zima kinasa sauti mbele ya macho yake.

Hatua ya 3: Vifaa vyako

Kamera au simu mbili, stendi moja ya miguu mitatu, maikrofoni ndogo ya kubana kifuani, kinasa sauti, memori kadi mbili za GB 64 au zaidi, pawabenki, rula ya sentimita 15 yenye alama nyeusi na nyeupe, futi kamba, kalipa (ya kupimia unene), mizani ya jikoni inayosoma gramu, kitambaa cha kijivu cha mita moja kwa mita moja na nusu, mifuko midogo ya karatasi, na penseli. Penseli ni muhimu kwa sababu wino wa kalamu husambaa daftari likinyeshewa.

Leta pia mfuko wa kufunga kamera. Vumbi la msasa ni laini mno, huingia kwenye lenzi na kwenye tundu la chaji. Usibadilishe lenzi ndani ya karakana. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na pua za watu wengi, basi vaa barakoa ukikaa karibu na anayesugua.

Hatua ya 4: Gogo

Sehemu hii hupitwa haraka, na ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Andika jina la mti kama fundi anavyolitamka, katika lugha yake, kisha jina la soko, kisha la kisayansi kama umethibitisha. Majina ya soko hudanganya. Kitu cheusi kinachouzwa kama mpingo kinaweza kuwa jakaranda iliyopakwa kiwi ya viatu. Njia za kutofautisha ni rahisi: mpingo (*Dalbergia melanoxylon*) ni mzito kuliko maji, kipande chake kikitiwa kwenye ndoo kinazama, ndani ni wa zambarau iliyoiva hadi nyeusi, na ukingo wa nje ni mweupe wa manjano. Jakaranda ni nyepesi na nyeupe hadi ndani kabisa. Muhugu (*Brachylaena huillensis*) ni mgumu, wa hudhurungi, na hunukia ukikatwa. Mwarobaini na mwembe nayo hutumika, na faida yake ni kwamba ni miti ya mashambani, haitoki msituni.

Omba kipande kilichotupwa, chenye ukubwa wa karibu sentimita 5 kwa 3 kwa 1, ukitie kwenye mfuko wa karatasi wenye namba ileile ya kitu. Usitumie nailoni, mti mbichi huota ukungu ndani yake. Jani na gome vikipatikana, vipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyopo Makumbusho ya Taifa, wakutambulie. Kwa kipande cha mbao pekee, waulize wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyo na makao makuu Muguga. Jina la mti lina matokeo hata kwa anayesafirisha nje: jamii yote ya *Dalbergia* iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kisha piga picha ya ncha ya gogo, ikiwa imelowanishwa kidogo ili pete zionekane, rula ikiwa kando. Weka alama mahali kiini kilipo na mahali kitu kitakapotoka. Mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea ndani, kwa hiyo gogo zima lenye kiini katikati karibu lazima lipasuke kutoka nje kuelekea kiini. Fundi stadi hukikwepa kiini, au hukielekeza mgongoni mwa mnyama ambako ufa hautaonekana. Akiligeuzageuza gogo mara kadhaa kabla ya kugusa msumeno, hesabu na umuulize alikuwa anatafuta nini. Hapo ndipo ufundi ulipo, na kwenye video isiyo na maelezo utaonekana kama mtu anayesitasita.

Andika vilevile kama gogo ni bichi au kavu. Wengi huchonga likiwa bichi kwa sababu linalainika chini ya tezo, kisha wanapambana na nyufa: hupaka nta au rangi kwenye ncha zinazowahi kukauka, huzika kazi ndani ya mapande na vumbi la mbao, au huifunga kwa nailoni. Mifuko ya nailoni ya dukani ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kila karakana ililazimika kujibu kwa njia yake. Uliza walibadili nini.

Hatua ya 5: Zana

Tandaza kitambaa cha kijivu, panga zana zote za fundi kwa mfuatano anaozitumia, weka rula, piga picha kutoka juu. Kisha moja moja: tezo kubwa (kwa Kikamba, ngomo), tezo ndogo, patasi, kisu, tupa, kinoo, msasa.

Kwa kila tezo pima urefu wa mpini, urefu wa bapa, upana wa makali, uzito wote, na pembe kati ya bapa na mpini. Pembe hiyo ndiyo inayoamua kama tezo itakwangua au itazama, na fundi ataikataa tezo ya mwenzake kwa ajili yake. Kuipata, laza tezo ubavu kwenye karatasi, fuatisha kwa penseli, upime baadaye nyumbani. Angalia kama makali yamenolewa upande mmoja au pande zote mbili.

Uliza chuma kimetoka wapi. Mara nyingi ni springi ya gari iliyofuliwa na wahunzi wa jua kali. Mpini nao una habari yake: mti gani, ni tawi lenye kiwiko cha asili au umeungwa, na hudumu muda gani. Andika namba za msasa kwa mfuatano halisi. Ukiambiwa "msasa mkali halafu laini", geuza karatasi usome namba mgongoni: 60, 120, 240 ni habari, "laini" si habari.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Rekodi mara mbili, kwa vitu viwili vya aina moja.

Mara ya kwanza usimkatize fundi hata kidogo. Kamera moja ikae kwenye stendi, ionyeshe mwili mzima, maana mchongaji wa Kikamba hufanya kazi akiwa ameketi chini au kwenye kigoda kifupi na mara nyingi hushikilia kitu kwa miguu. Kwa hiyo lenzi iwe sentimita 60 hadi 80 kutoka chini, si kimo cha mtu aliyesimama. Fundi akitumia mkono wa kulia, kaa mbele yake upande wake wa kushoto, la sivyo bega na kiwiko vitaziba pigo. Jitenge mita moja na nusu. Mapande huruka mbele. Kamera ya pili ishikwe mkononi, ifuate mikono tu.

Mara ya pili simamisha kazi kwenye vituo mlivyokubaliana: gogo limekatwa, limechorwa kwa chaki au penseli, umbo la kwanza limetoka, tezo ndogo imemaliza, patasi na kisu vimemaliza, tupa, kila namba ya msasa, rangi au kiwi, kung'arisha. Katika kila kituo weka kitu juu ya kitambaa, piga mbele, nyuma, kushoto, kulia na juu, rula ikiwa ndani ya picha, kisha kipime uzito. Uzito unasema jambo ambalo macho hayaoni. Pande la kilo 2.4 likitoa kijiko cha gramu 180, basi zaidi ya asilimia 90 ya mti imebaki sakafuni, na inafaa uulize mapande hayo yanakwenda wapi.

Sababu ya kurekodi mara mbili ni hii: ukimsimamisha fundi, mwendo wake unaharibika. Anapiga taratibu, anaacha kugeuza kitu kwa mguu, anaeleza badala ya kufanya. Ile mara ya kwanza ndiyo yenye mwendo wa kweli. Ya pili ndiyo yenye vipimo. Zisichanganywe kwenye video moja bila kusema.

Andika pia kwa mkono, hata kama kamera inaendelea. Saa ya kuanza na kumaliza kila kituo. Mapigo ya tezo kabla ya kugeuza kitu. Mara ngapi amenoa. Mara ngapi amekwenda kusaidia mteja, kwa sababu muda huo nao ni sehemu ya gharama yake.

Mambo yanayoharibu picha za karakana:

Picha zinazotetemeka kwa mistari chini ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Iweke 25 au 50, na kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100.

Tezo inayoonekana kama ukungu. Kwa picha za mnato tumia 1/500 au haraka zaidi. Kwa video ya pigo, fremu 50 kwa sekunde zinatosha kuonyesha makali yanapogusa mti.

Nusu nyeupe, nusu giza. Mabati yenye matundu na mlango ulio wazi hufanya hivyo, na saa sita mchana jua la Nairobi linakuwa juu ya kichwa karibu mwaka mzima. Fanya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, au kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri. Muombe fundi asogee sentimita chache kivulini, usimhamishe kwenye kigoda chake. Kuanzia Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, jiandae kwa mvua ya ghafla: kwenye mabati, sauti yote inapotea.

Sauti inayopasuka. Pigo la tezo ni kali kuliko maneno. Punguza kiwango cha sauti inayopokelewa hadi vilele vyake visipite desibeli 12 chini ya kikomo, na kinasa sauti kiwekwe juu ya nguo iliyokunjwa, kisikae kwenye meza inayotikiswa. Rekodi sekunde 30 za karakana bila mtu kusema. Utazihitaji ukiunganisha vipande.

Kama kitu kitapasuka mbele yako, usifiche kamera na usimwonee fundi haya. Mwombe akuuzie hicho kilichoharibika. Pima ufa ulipoanzia na umbali wake kutoka kwenye kiini, na uulize angekiokoaje. Mchanganyiko wa gundi na vumbi la mbao ileile hutumiwa sana kuziba nyufa, na uwiano wake, jinsi unavyosukumwa kwa kisu, na muda wa kusubiri kabla ya msasa ni maarifa yasiyopatikana kwenye kitu kizima.

Hatua ya 7: Mahojiano

Yafanye baada ya kazi, kitu kikiwa mkononi mwa fundi, mahali penye kelele kidogo. Jumapili alasiri Gikomba huwa afadhali kuliko siku za kazi, kama dini na ratiba yake vinaruhusu. Dakika 40 hadi 50 zinatosha. Maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu.

Usianze na "Kwa nini unapenda kazi hii?" Utapewa hotuba. Shika kitu, uulize kuhusu kitu:

"Mzee, hapa ulisimama kidogo kabla ya kupiga. Ulikuwa unaangalia nini?"
"Mwanafunzi akiharibu, huwa anaharibu wapi kwanza?"
"Huyu ni wa mkono wako au wa mwingine? Umejuaje?"
"Mama, msasa huu unajua umetosha kwa macho au kwa kidole?"

Swali la tatu, ukiliuliza mbele ya rafu yenye vitu ishirini vinavyofanana, huzaa mengi kuliko mengine yote. Mafundi hutambua mikono ya wenzao kwa umbo la sikio la ndovu au unene wa shingo, na hayo hayajaandikwa popote.

Miaka hukumbukwa vibaya, matukio hukumbukwa vizuri. Badala ya "mwaka gani?", uliza ilikuwa kabla au baada ya Uhuru (12 Desemba 1963), jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, njaa ya 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, marufuku ya kukata miti ya Februari 2018, au corona ya 2020. Andika jibu lilivyo: "baada ya El Niño, kabla ya mtoto wa pili", kisha mwaka unaokadiria kwenye safu nyingine.

Juu ya asili ya uchongaji huu, simulizi inayosikika zaidi ni ya Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Fundi akisimulia tofauti, andika anavyosimulia na alimsikia nani. Usimsahihishe. Tofauti kati ya simulizi mbili ni habari, na ukiisawazisha umeifuta.

Hatua ya 8: Picha ya kitu kilichokamilika, na kadi yake

Kamera ikiachwa iamue yenyewe, mpingo hutoka kijivu na jakaranda hutoka chafu, kwa kuwa kamera hutaka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Kwa kitu cheusi punguza mwanga kwa hatua moja. Kwa cheupe ongeza theluthi mbili. Kiwi na vanishi hung'aa, basi leta mwanga kutoka ubavuni na uzuie mng'ao kwa shuka jeupe. Piga pia chini ya kitu na ndani yake, palipo na alama za tezo ambazo msasa haukufika.

Kadi iliyojazwa vizuri inafanana na hii:

Namba: GKM-07
Kitu: kijiko cha saladi, mpini wa kichwa cha twiga
Mti: fundi anasema muhugu, kipande 07-a kimehifadhiwa, haujathibitishwa
Hali ya gogo: bichi, kiini kimekatwa na kuachwa
Vipimo: urefu 31.5 sm, upana wa kichwa 6.8 sm, unene wa ukingo 4 mm, gramu 180
Mikono: mpasuaji, mchongaji, msuguaji, mng'arishaji (majina kwenye fomu za ridhaa 11 hadi 14)
Msasa: 60, 120, 240
Umaliziaji: mafuta ya kula, kitambaa; hakuna vanishi kwa kuwa kijiko hugusa chakula
Ulemavu: ufa wa mm 9 shingoni, umezibwa kwa gundi na vumbi
Masharti: jina litajwe; mtindo usionyeshwe mtandaoni kwa miezi 12

Hatua ya 9: Faili

Fanya siku ileile, kabla ya kulala. Majina yawe na mahali, namba ya kitu, tarehe kuanzia mwaka, aina na mfuatano: GKM07_20250614_V_02. Usitumie nafasi, wala maneno kama "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa".

Sauti ihifadhiwe kama WAV ya kHz 48 na biti 24. Kwa njia moja (mono) saa nzima hula karibu nusu GB. Video ya 1080p yenye megabiti 17 kwa sekunde hula takriban GB 7.6 kwa saa, kwa hiyo hesabu nafasi kabla ya kutoka nyumbani. Weka nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyingine katika nyumba au ofisi tofauti. Wizi wa begi moja ndani ya matatu haupaswi kumaliza kazi yote.

Ondoa alama za mahali ambazo simu huandika ndani ya picha kabla ya kuzitoa kwa yeyote; zinaweza kuonyesha nyumbani kwa fundi.

Kuandika mahojiano huchukua saa nne hadi sita kwa kila saa ya sauti, na zaidi kama lugha zimechanganyika. Programu ya ELAN ni ya bure na huunganisha kila sentensi na sekunde yake. Andika Kikamba kwa herufi zake, pamoja na ĩ na ũ. Ukiziacha, maneno tofauti yanafanana na msomaji wa baadaye hawezi kujua lipi lilikusudiwa. Maneno ya kazi yaache kama yalivyotamkwa, maelezo yawe pembeni.

Hatua ya 10: Irudishe karakanani

Kabla ya kuipeleka Makumbusho ya Taifa, hifadhi ya nyaraka au mtandaoni, ipeleke kwanza kwa waliokupa. Chapisha vituo vyote kwa mfuatano, picha moja kwa ukurasa, maelezo mafupi chini yake, kwa herufi zinazosomeka kwenye mwanga hafifu. Waketi pamoja, mchongaji na msuguaji, uwasomee. Watakuambia umeruka hatua, kwa kawaida ile wanayoifanya bila kufikiri, kama kulowanisha ncha au kugonga kitu na kusikiliza kama kina ufa ndani.

Masahihisho yaandikwe kwa rangi nyingine, na jina la aliyesahihisha na tarehe. Maandishi ya kwanza yasifutwe. Wakipingana, weka maoni yote mawili.

Picha ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, kwa kuwa zikitumwa kama picha hubanwa na fundi hawezi kuzitumia kwa wateja wake. Video zipeleke kwenye memori kadi. Kila aliyetajwa apate nakala yake, na ya chama ibaki ofisini kwao ndani ya bahasha ngumu, pamoja na fomu za ridhaa na namba ya simu ya mtu atakayeitika siku fundi akitaka kitu kiondolewe.